Kompyuta Kuukuu na Siri za Ofisi

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kilichomo nguoni mwa ofisi zetu, ambacho tunakitoa nje kwa mikono yetu wenyewe, tunakipigia mnada na kukiandikia risiti. Nazungumzia kompyuta kuukuu.

Nitaanza kwa kujitaja mwenyewe, maana katika jambo hili mimi si shahidi tu, ni mshitakiwa. Mwaka 2004 nilikuwa karani mwandamizi katika ofisi moja hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Ofisi ilipata kompyuta mpya, na zile za zamani, 21 kwa hesabu, zikarundikwa ghalani. Ikaundwa kamati ya kuuza mali chakavu, nami nikawa katibu wake. Tulihesabu viti vilivyovunjika miguu, feni, mashine za chapa na hizo kompyuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ndani ya mashine zile kumebaki nini. Mhasibu alisema amekwisha kufuta kila kitu, nasi tukaridhika. Nikatia sahihi.

Siku ya mnada nami nilinunua moja, ili mwanangu aliyekuwa sekondari ajifunzie nyumbani. Haikuwaka. Nikaipeleka kwa kijana mmoja, fundi wa Kariakoo. Niliporudi baada ya siku mbili akaniamkia vizuri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mashine imepona. Lakini ofisi yenu imeuza na watu waliomo humo ndani."

Akanionyesha. Kulikuwa na orodha ya mishahara ya miaka mitatu. Kulikuwa na barua za onyo. Na kulikuwa na barua ya mwenzetu mmoja akimweleza mkuu wa kazi maradhi aliyokuwa nayo, akiomba apunguziwe safari za mikoani. Nilikaa na ndugu yule chumba kimoja miaka sita nisijue habari hiyo. Sasa niliijua mimi, na fundi naye aliijua. Na kompyuta nyingine 20 zilikwisha kwenda nisikokujua.

Je, mhasibu alisema uongo? Hapana. Alifuta kama wengi wetu tunavyofuta hata leo. Lakini kufuta faili kwa njia ya kawaida ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Sura zote zimebaki, ila msomaji haonyeshwi zilipo. Mashine hujiandikia tu kwamba nafasi ile sasa yaweza kutumiwa kwa kitu kingine. Mpaka kitu hicho kingine kiandikwe juu yake, maneno ya zamani yamelala pale pale katika diski kuu, na fundi mwenye programu ya kuyatafuta huyaamsha.

Wazee waliofanya kazi masjala watakumbuka jinsi faili la siri lilivyotunzwa. Lilikuwa na kabati lake, ufunguo wake na mtu wake. Likiisha muda, huteketezwa mbele ya mashahidi. Hata hivyo, karatasi nayo ilikuwa na mambo yake. Novemba 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipovamiwa, wafanyakazi walikuwa wamewahi kuzipitisha nyaraka nyingi katika mashine ya kuchana karatasi. Wairani wakawaleta wafumaji mazulia, watu waliozoea kushughulika na nyuzi moja moja kwa subira. Wakaviunga vile vipande mpaka vikasomeka, na nyaraka zile zikachapwa vitabu. Ikiwa karatasi iliyochanwa ilisomeka, sembuse diski ambayo hakuna aliyeigusa?

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ilifika mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mashine za wakati ule zilihitaji chumba chao; mtu hakuweza kuibeba kwapani akaenda nayo sokoni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuzitumia katika hesabu za serikali kuleta hasara. Marufuku hiyo ilipolegezwa, zikaanza kuja kompyuta ndogo za mezani, na nyingi zilizokuja miaka ya 1990 zilikwisha kutumika Ulaya na Marekani. Tulianza, basi, kupokea vikuukuu vya wenzetu kabla hatujawa na vikuukuu vyetu.

Na hao wenzetu nao walikuwa hawajui wanachokitoa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika, kama mtu yeyote anavyoweza kununua. Diski 129 zilifanya kazi. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, pamoja na barua za watu na habari za maradhi yao. Diski zilizokuwa zimesafishwa barabara zilikuwa 12 tu.

Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka chuo kikuu cha British Columbia, Kanada, walikwenda Ghana kufuatilia mwisho wa safari ya mashine hizi. Katika soko la Tema walinunua diski kuukuu. Mojawapo ilikuwa na nyaraka za mikataba kati ya serikali ya Marekani na kampuni ya Northrop Grumman, inayotengeneza silaha. Siri za taifa kubwa, lenye majeshi na walinzi wa kila namna, zilikuwa zikiuzwa mezani Afrika Magharibi.

Msidhani ni habari ya zamani. Septemba 2022 kampuni ya fedha ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 nchini Marekani. Kosa lake lilikuwa kuikabidhi kampuni ya kuhamisha mizigo kazi ya kuondoa mitambo yake ya zamani, wakati kampuni hiyo haikuwa na ujuzi wa kuharibu kumbukumbu. Baadhi ya mashine ziliishia katika mnada wa intaneti zikiwa na habari za wateja. Waliohusika katika kosa hilo ni wateja wapatao milioni 15.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuigeukie mashine yenyewe, maana baada ya siri kutoka, chuma kinabaki. Wale wanafunzi hawakwenda Ghana kwa bahati. Mjini Accra, mahali paitwapo Agbogbloshie, vijana kwa miaka mingi walikuwa wakichoma nyaya za kompyuta ili ganda la plastiki liungue, wabaki na shaba ya kuuza kwa kilo. Moshi wake mweusi una sumu kali ziitwazo dioksini. Kioo cha zile skrini nene za zamani kina madini ya risasi, na risasi ikiingia katika mwili wa mtoto huharibu ubongo wake. Taa ndogo zilizomo katika skrini bapa nyingi za miaka ya nyuma zina zebaki. Mwaka 2021 serikali ya Ghana iliivunja ile yadi ya vyuma chakavu, lakini kuvunja yadi si kuondoa biashara.

Afrika ilikwisha kuonywa mapema. Mwaka 1988 huko Koko, Nigeria, yaligunduliwa maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia. Mwenye uwanja yalimowekwa alikuwa akilipwa kiasi cha dola 100 kwa mwezi. Machi 1989 mataifa yakapitisha Mkataba wa Basel wa kudhibiti usafirishaji wa taka za hatari. Waafrika wakaona hautoshi, na mwaka 1991 wakapitisha wao Mkataba wa Bamako, unaokataza kabisa kuleta taka hizo barani mwetu. Lakini mlango wa uani ulibaki wazi. Mashine mbovu ikiandikwa kwenye kontena kwamba ni kitu cha mtumba kinachofaa, ilipita. Mkataba wa Basel ulirekebishwa, na tangu Januari 1, 2025 taka zote za elektroniki, ziwe za hatari au zisiwe, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopelekewa kuarifiwa na kukubali kwanza.

Hata hivyo tusiwalaumu wageni peke yao. Mwaka ule ule wa 1988, wakazi wa Tabata hapa Dar es Salaam waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya moshi na uvundo wa dampo lililokuwa mlangoni pao. Wakashinda. Jiji likaanza kumwaga taka Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Funzo la kesi zile ni kwamba hakuna mahali paitwapo "kutupa". Kila unapotupa pana mtu anaishi.

Na tunachokitupa ni mali. Nishani zote za michezo ya Olimpiki ya Tokyo zilizotolewa mwaka 2021 zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa katika simu, kompyuta na vifaa vingine vikuukuu walivyochanga Wajapani. Humo walipata dhahabu kilo 32 na fedha kilo 3,500. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa hazikufika robo.

Nayasema haya sasa kwa kuwa wimbi jingine liko mlangoni. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya bure kwa programu yake ya Windows 10, na kompyuta nyingi haziwezi kupokea ile iliyofuata. Ofisi zitabadilisha mashine, na maghala yatajaa. Safari hii hatuwezi kusema hatukujua. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Majirani zetu wamekwisha kuanza: Rwanda wana kiwanda cha kazi hii Bugesera, na Nairobi kuna kituo chao.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza, kila mashine iandikwe namba yake na ifungiwe, kama fedha. Pili, diski isafishwe kwa programu inayoandika upya juu ya kila sehemu yake, au itolewe na kusagwa mbele ya shahidi. Msidanganywe na sumaku. Diski za kisasa zisizo na kisahani kinachozunguka hazifutwi nayo. Tatu, mashine inayofaa ipewe shule ikiwa imekwisha kusafishwa, na isiyofaa apewe mwenye kibali cha kushughulikia taka hizi, siyo mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Nne, idaiwe hati inayoonyesha namba za mashine na zilikoishia.

Kamati yetu ya mwaka 2004 haikufanya hata moja kati ya hayo. Ile diski niliyoinunua nilimwomba fundi aitoboe mbele yangu kwa keekee, na akaitoboa. Nilikwenda pia kwa mkuu wetu kumweleza habari za zile 20. Akanijibu kwamba mnada umekwisha kupita na fedha zimekwisha kuingia benki.

Mwenzangu yule wa barua sikupata kumwambia. Kila asubuhi aliniuliza habari za nyumbani, nami nilijibu ni njema, huku najua kilichoandikwa na nani mwingine amekisoma. Amekwisha kufariki. Sahihi iliyoitoa barua yake nje ni yangu.

Ni hayo kwa leo. Kwaherini.