Mbao Zilizofichwa Ndani ya Faiba

Kilichoiokoa mashine siku ile ni mnyororo, na mnyororo wenyewe mjomba aliufunga kwa sababu ya wezi. Ilikuwa Julai, kusi limekolea, boti imetoka Sahare alfajiri na watu wawili: mjomba, na binamu yangu aliyeshika usukani. Nje kidogo ya ghuba ya Tanga walisikia mlio kama wa tawi kavu linalovunjika. Binamu akageuka, akaona mashine inainama kuelekea baharini, taratibu, huku bado inanguruma. Ubao wa nyuma unaoibeba ulikuwa umefunguka kama ukurasa wa kitabu. Mnyororo ukaishika. Waliivuta ndani wawili, kilo 70 na ushee, maji yakiingia kwa nyuma, kisha wakarudi kwa kasia na kipande cha turubai walichokigeuza tanga.

Mashine ile niliinunua mimi. Mjomba alikuwa na ya farasi 15, imechoka, nami nilikuwa nimepata kazi ya kueleweka gazetini na nilitaka kuonekana nimepata. Nikamletea ya farasi 40. Matundu ya boliti hayakulingana na ya zamani, basi tukatoboa mapya manne, mimi mwenyewe nimeshika drili. Yale ya zamani tuliyaziba kwa sabuni ya mche. Binamu aliuliza kama maji hayataingia, nami, msomi wa familia, nikamjibu kwamba yakiingia yataharibu nini? Hii ni faiba, haiozi.

Niliposhuka kutoka Dar baada ya ajali, mjomba alikuwa amemwita fundi mzee, mtu aliyejenga mashua za mbao maisha yake yote. Hakutaka hata kuitazama boti kwa karibu. Alichukua nyundo, akaigeuza, akaanza kugonga kwa mpini kuanzia omo kurudi nyuma. Ngo, ngo, ngo. Alipofika tezi sauti ikabadilika: bu, bu, kama unagonga gunia la unga. Akaomba drili, akatoboa kitundu kidogo upande wa ndani. Yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, na harufu ya majani yaliyovundikwa. Akaingiza msumari, akachokoa, akaniwekea mkononi kitu cheusi mfano wa ugoro uliolowa.

"Hii si boti ya faiba, mwanangu," akasema. "Hii ni boti ya mbao iliyovaa faiba."

Nilirudi Dar na sentensi hiyo, nikaanza kusoma, maana kazi yangu ni kusoma na kuuliza maswali ambayo nilipaswa kuyauliza mapema.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizolowekwa kwenye resini. Mtu wa Tanga halihitaji somo refu hapo: ni habari ileile ya dari za jipsam. Jipsam peke yake inapasuka. Ukiichanganya na katani ya mkonge, inashikana. Nyuzi za kioo zilipatikana nusu kwa bahati. Mwaka 1932, kijana aitwaye Dale Kleist, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya vioo ya Owens-Illinois huko Marekani, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo, na hewa yenye nguvu ikapuliza kioo kilichoyeyuka kikawa nyuzi nyembamba. Kufikia 1938 kulikuwa na kampuni nzima ya nyuzi hizo, Owens-Corning. Ikabaki kupata gundi. Resini ya poliesta ilipopatikana, mjenzi wa boti wa Toledo, Ohio, Ray Greene, akatengeneza boti ndogo ya faiba mwaka 1942. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kwa boti ya aina hii.

Lakini kilichoingiza faiba kwenye nyumba za watu wa kawaida ni maonyesho ya boti ya New York, Januari 1959. Binamu wawili wa Rhode Island, Clinton na Everett Pearson, walipeleka boti ya tanga ya futi 28 iliyochorwa na Carl Alberg. Wakaiita Triton. Kabla yake boti nyingi za namna hiyo zilijengwa ubao kwa ubao. Hii ilitoka kwenye kalibu, kama keki, na nyingine ikafuata, na nyingine, mpaka zikafika kama 700. Mvuto wake ulikuwa rahisi kuuelewa: hakuna kukalafati, hakuna minyoo ya kutoboa mbao, hakuna kuoza.

Na hapo ndipo ulipo ujanja, ingawa sidhani kama walikuwa wajanja. Sitaha ya Triton haikuwa faiba tupu. Ilikuwa tabaka mbili nyembamba za faiba, na katikati mbao za balsa, ule mti mwepesi wa Amerika ya Kusini. Sababu ni ya hesabu. Faiba ina nguvu ukiivuta, lakini ukiikanyaga inanesa. Ili isinese lazima iwe nene, na ikiwa nene inakuwa nzito na ghali. Ila ugumu hukua haraka kuliko unene: ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Basi weka kitu chepesi na rahisi katikati, faiba ikae juu na chini. Kwenye sitaha ikawekwa balsa; kwenye mihimili ya sakafuni na ubao wa nyuma wa kubebea mashine, wajenzi wengi wakaweka plaiwudi. Hata boti za Boston Whaler, zilizoanza kuuzwa 1958 zikiwa zimejazwa povu, ambazo mwenyewe Richard Fisher alipigwa picha akiwa ndani ya moja inakatwa kwa msumeno katikati ya maji bila kuzama, zina plaiwudi pale mashine inapofungwa. Hazizami, kweli. Kuoza ni suala jingine.

Nani angewaambia? Mwaka 1959 hapakuwa na boti ya faiba yenye umri wa miaka 40 ambayo mtu angeipasua atazame ndani. Mbao zikizibwa pande zote, walidhani, maji yatapitia wapi? Yalipitia kwenye matundu. Kila kishikio, kila boliti, kila skrubu ya mwenye boti aliyetaka mahali pa kutundikia taa, ni mlango. Na mbao zilizofungwa ndani ya faiba zikishalowa hazikauki tena. Jua linapasha joto ngozi ya nje, ndani kunabaki unyevu, hewa kidogo na giza. Kuvu hawahitaji zaidi ya hapo. Jambo ambalo lilinishangaza zaidi ni kwamba adui mkubwa si bahari. Maji ya chumvi huwazuia kuvu kwa kiasi. Yanayoozesha ni maji matamu, mvua inayolala sakafuni boti ikiwa imepumzishwa. Boti ya mjomba ilikaa masika mbili chini ya mnazi, omo juu, tezi chini, wakati anaumwa mgongo. Maji yote yalikuwa yanateremkia kwenye yale matundu yangu.

Kwenye boti ya mbao uozo huonekana. Unavunda mbele ya macho yako, unanuka, ubao unalainika, fundi anaukata na kutia mwingine. Pwani yetu ilijenga kazi nzima juu ya ukweli huo. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi na kamba zililazimika kushonwa upya. Jahazi na mashua zilipandishwa mchangani wakati wa bamvua, zikachomwa kwa makuti, zikapakwa sifa juu na deheni chini, ile chokaa iliyokandwa na shahamu. Nilimwambia mjomba haya kwa hisia nyingi, kama tunavyofanya sisi tuliokulia kwenye vitabu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umewahi kupaka deheni?"

"Hapana, mjomba."

"Unaipaka kwa mkono. Unalala chali chini ya chombo. Harufu haitoki wiki nzima, mke anakuhamisha chumba." Akacheka. "Waliotuletea faiba hatukuwauliza maswali. Tulishukuru Mungu."

Nimeliwaza sana jibu hilo, kwa sababu historia tunayoipenda kuandika ni ile ya kitu kizuri cha kale kilichofukuzwa na kitu kibaya cha kisasa. Watu hawakuiacha mbao kwa ujinga. Waliiacha kwa sababu ya migongo yao. Ila pamoja na deheni walikiacha na kile kitendo cha kupandisha chombo na kukikagua kila msimu. Nani akague kisichooza?

Kazi yenyewe tuliianza Septemba, na ilihitaji mafundi wawili ambao hawakukubaliana hata juu ya saa ya kunywa chai. Mzee alijua mbao. Kijana alijua resini. Alijifunzia kwenye bampa za magari. Tulikata ngozi ya ndani ya ubao wa nyuma kwa grainda, tukaiacha ya nje ibaki kama kalibu. Plaiwudi ilitoka kwa koleo. Kisha tukafuata mihimili ya sakafuni, tukitumaini imepona, na kila tulipofungua tukakuta ugoro uleule, mpaka tumeng'oa theluthi ya sakafu. Mjomba alisimama pembeni mikono nyuma. "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema, na kweli tulikuwa tumepiga magoti ngamani.

Vumbi la kioo sitalisahau. Linaingia kwenye ngozi na joto la Tanga linaifungua ngozi vizuri ili liingie. Ukioga maji moto umeumia. Oga ya baridi, na usijisugue.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mbao za kurudishia. Mzee alitaka mtiki wa Longuza, pale Muheza, mti ambao kuoza kwake ni kwa nadra. Kijana akakataa: mtiki una mafuta, resini haitashika vizuri. Walibishana siku mbili. Mwishowe tukachukua plaiwudi ya majini, vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa pamoja, na mzee akachonga kingo zake kwa uangalifu ambao plaiwudi haijawahi kuonyeshwa. Kwa gundi tukatumia epoksi, ghali kuliko poliesta lakini inaishika faiba ya zamani vizuri zaidi. Kijana alitaka kuweka mkeka wa nyuzi fupi aliouzoea kwenye bampa. Mkeka wa aina hiyo mara nyingi umeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta, na epoksi haiiyeyushi, kwa hiyo unabaki mgumu kama kadibodi. Tukaweka kitambaa kilichofumwa. Hilo nililijua kwa kusoma, na ndiyo mara pekee mafundi wote wawili walinitazama kwa heshima.

Boliti za mashine zilitoboliwa mwisho. Kwanza tundu kubwa kuliko inavyohitajika, likajazwa epoksi, likaachwa likauke, ndipo likatobolewa tena katikati kwa kipimo cha boliti. Hivyo maji yakipenya yanakuta epoksi, hayakuti mti. Mzee alinipa mimi drili bila kusema kitu. Matundu manne. Mkono ulitetemeka kwenye la kwanza.

Boti ilirudi majini Novemba, kaskazi inaanza. Mjomba sasa, kila akiipandisha, anaigonga kwa mpini wa nyundo kutoka omo hadi tezi, sikio limeegemea, na watoto wa jirani wameanza kumwiga kwenye mapipa. Plaiwudi iliyooza shangazi alijaribu kuipikia; ilitoa moshi mweusi wa resini akaitupa. Vipande vya faiba tulivyovikata viko bado nyuma ya nyumba, vyeupe kama siku vilipotoka. Kimoja ni paa la banda la kuku. Vingine hatujui tuvipeleke wapi.