Kaburi la Nyali na Wimbo Wetu

Nimeombwa niandike historia kidogo kwa ajili ya jubilii yetu. Nimeona nianzie mbali zaidi ya kwaya hii, mwaka wa 1844.

Mwaka huo mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa na mkewe Rosina. Hawakukaa sana kabla ya homa kuwapata. Mwezi wa Julai Rosina alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache mama na mtoto wakafariki. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Mtu angedhani Krapf atafunga mizigo arudi kwao. Hakurudi. Alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, naye akaendelea. Mwaka wa 1846 Johannes Rebmann alimfuata, wakafungua kituo Rabai. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, naye alikuwa amefariki 1881.

Lakini tusiseme kwamba Mungu alifika Rabai kwa merikebu. Wazee wa huko walikuwa wakimwomba Mulungu ndani ya kaya zao msituni, mvua ilipokosekana na magonjwa yalipozidi. Nao waliuliza: kwa nini tunakufa? Ni nani anayetusikia? Aliyefiwa Nyali na mzee wa kaya walikuwa na swali moja.

Swali hilo sisi wanakwaya tunalijua, maana tunaitwa matangani mara nyingi kuliko harusini. Baba yangu alipofariki, nilisimama na wenzangu wa sauti ya pili, nikafungua kinywa, sauti ikakataa. Dada aliyekuwa kando yangu hakunitazama. Aliongeza tu sauti yake, na wimbo haukukatika. Ubeti wa mwisho niliuimba.

Tangu siku hiyo sidhani tena kwamba imani ni kuwa na majibu yote. Ziko siku ambazo mtu hubebwa na imani ya walio kando yake, mpaka yake irudi.

Leo tunawakumbuka pia wanakwaya waliotutangulia. Sehemu zao tutaziimba sisi. Karibuni, tusimame pamoja.

Katibu wa Kwaya