Deni la Udongo

Bandari ya Mtwara ilizaliwa na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na kwa ajili yake wakajenga gati na reli ya Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ulikufa. Gati likabaki, reli iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyepanga akaenda zake, mwenyeji akabaki na mabaki.

Shehena ya siku hizi ni makaa ya mawe kutoka Mkoa wa Ruvuma. Wenyeji walipolalamikia vumbi lake, serikali iliamua kujenga bandari nyingine Kisiwa Mgao kwa shehena chafu. Uamuzi huo ni mwema. Lakini kuhamisha uchafu si kuusafisha.

Na tutazame kwa jirani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Sumu iliingia udongoni na katika damu ya watoto. Julai 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo usafishwe katika miezi 4. Rufani zikaendelea hadi Desemba 2024.

Makaa si risasi, wala madhara yake si sawa. Ila funzo ni moja: usafi ulioachwa mwisho hudaiwa mahakamani. Basi hapana budi iandikwe mapema, kabla meli haijatia nanga, nani atafagia na kwa fedha ya nani.