Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya 1930

Aghalabu wanaosimulia habari za dhahabu ya Kakamega huitwisha tamaa lawama yote. Nami, kila niyatazamapo matukio ya miaka ile kwa utulivu, naona kwamba hofu ya kupoteza ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1930 Serikali ya Koloni ya Kenya ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji, ikaahidi kwamba ardhi zilizotengwa zitakuwa kwa manufaa yao milele, na kwamba sehemu yoyote itakayotwaliwa italipwa kwa ardhi nyingine iliyo sawa nayo, baada ya wenyeji kushauriwa.

Walakini wakati ule ule masetla walikuwa wakielekea kufilisika: bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka kwa dhiki iliyoikumba dunia tangu 1929, nzige walikuwa wameyala mashamba, na hazina ya serikali ilikuwa ikipungua. Basi Mmarekani L. A. Johnson alipopata dhahabu karibu na Kakamega mwaka 1931, mamia ya Wazungu walimiminika katika nchi ya Waisukha na Waidakho, wengi wao wakiwa ni wakulima waliokimbia madeni.

Kuitii sheria kungaliwalazimu watawala kutafuta ardhi ya badala, jambo ambalo masetla wasingaliliridhia, na kungoja shauri la wenyeji ilhali kila mwezi uliopita ulihesabiwa kuwa hasara. Kwa hiyo, Desemba 1932, ahadi ile ya milele ikiwa haijatimiza hata miaka mitatu, Baraza la Kutunga Sheria liliigeuza kwa haraka, likaondoa sharti la ardhi ya badala na la kushauriana panapohusika madini, likatosheka na fidia ya fedha. Hii nasema ilikuwa khiana, na walioitenda hawakuwa majahili wa sheria, kwani ni serikali ile ile iliyoitunga. Hata Lord Lugard, aliyeutumikia utawala wa Kiingereza umri wake mwingi, alisimama katika Baraza la Malordi mwanzoni mwa 1933 kuilaumu.

Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulifungwa mwaka 1952. Lakini kabla ya hapo wenyeji, ambao walikuwa wamejua kadiri ya uzito wa ahadi iliyoandikwa, walikwisha kuunda North Kavirondo Central Association katika miaka hiyo ya 1930, wakapeleka malalamiko yao ya ardhi hadi London.