Mwalimu wa hesabu aliyewatangulia wakutubi

Januari 1924, Chuo Kikuu cha Madras, kusini mwa India, kilipata mkutubi wake wa kwanza: S. R. Ranganathan, mwalimu wa hesabu mwenye umri wa miaka 31, ambaye hakuwa amesomea ukutubi. Kazi ilimchosha upesi. Alirudi Chuo cha Presidency alikokuwa akifundisha, akamsihi mkuu wa chuo ampokee tena. Akashauriwa aende kwanza Uingereza kusoma. Akirejea na bado haipendi kazi ya maktaba, nafasi yake darasani ingemngojea.

Safari hiyo ilimbadilisha. Huko University College London alisomeshwa na W. C. Berwick Sayers, bingwa wa uainishaji wa vitabu, kisha akazunguka maktaba nyingi za nchi hiyo akichunguza zinavyoendeshwa. Mfumo wa uainishaji wa Melvil Dewey, uliotolewa mwaka 1876, ulizipangia mada namba zake mapema. Ranganathan aliona kuwa elimu huzaa mada mpya kila siku, nyingi zikichanganya fani mbili au tatu, na namba zilizokwisha kupangwa huzidiwa. Dukani Selfridges alitazama Meccano, mchezo wa watoto wa kuunda vitu kwa vipande vya chuma. Vipande ni vilevile, lakini ukibadili namna ya kuviunga unapata kitu kingine.

Alirejea Madras mwaka 1925, na hakurudi tena darasani kufundisha hesabu. Kwa wazo hilo la vipande vinavyoungwa aliujenga mfumo wake katika maktaba aliyokuwa akiiongoza, akauchapisha mwaka 1933 kwa jina la Colon Classification. Chukua kitabu kuhusu tiba ya kifua kikuu cha mapafu nchini India. Mkutubi huichambua mada hiyo: kiungo, ugonjwa, tiba, mahali. Kila sehemu hupewa alama yake, kisha alama huunganishwa kwa vituo vya uandishi, kikiwemo kile cha nukta mbili kilichoupa mfumo jina. Mada ambayo haijawahi kuandikwa nayo hupata nafasi kwenye rafu.

Mwaka 1928 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Maktaba cha Madras, na mwaka uliofuata mafunzo ya wakutubi yakaanza. Mwaka 1931 alitoa kitabu cha kanuni tano za ukutubi. Kiini chake ni msomaji: vitabu vipo ili vitumike, muda wa msomaji una thamani, na maktaba haiachi kukua. Juhudi zake zilichangia sheria ya maktaba za umma ya Madras ya mwaka 1948. Baadaye aliitoa akiba yake, rupia 100,000, kuanzisha kiti cha uprofesa wa ukutubi katika Chuo Kikuu cha Madras, kwa jina la mkewe, Sarada. Mwaka 1965 serikali ya India ilimteua Profesa wa Utafiti wa Taifa. Alifariki mwaka 1972.

Utafiti wake wa ukutubi ulitokana sana na maswali aliyokutana nayo kazini. Mkutubi anayemtafutia mwanafunzi kitabu kila siku huyaona matatizo ya maarifa ambayo mhadhiri huenda asiyaone. Vyuo vikuu vyetu viwape wakutubi muda wa kutafiti, fedha za kuchapisha na nafasi ya kupanda vyeo kwa kazi hiyo. Nao wakutubi wasingoje kuombwa: washike kalamu, waandike.