Besi, buti na tairi ya spea

Kuna swali ambalo washkaji wenye ndinga ndogo za spoti hawachoki kuniuliza, nadhani kwa sababu wanaamini mwandishi wa habari anajua kila kitu. Hivi sabufa inaingiaje kwenye Celica au MR2, wakati buti lenyewe ukiweka begi la nguo na mkungu wa ndizi limeshajaa? Mafundi wa Manundu pale Korogwe wana jibu lao, na wa Chanika kule Handeni wana la kwao. Mimi leo nalijibu kihistoria, maana ugomvi kati ya besi na nafasi ni mkubwa kwa umri kuliko gari lenyewe.

Tuanzie nyumbani. Msondo, ile ngoma ndefu ya unyagoni iliyokuja kuipa jina bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, haikuchongwa ndefu kwa ajili ya mapambo. Mzee aliyechagua gogo alijua kwamba sauti nzito inadai kitu kikubwa: ngozi pana, tumbo lenye hewa nyingi. Chonga kidogo, upate sauti nyembamba. Hakuhitaji kalamu wala karatasi kulijua hilo, na mpaka leo hakuna aliyelitangua.

Spika ya karatasi na koili tunayoijua ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric huko Marekani. Miaka mitano baadaye, 1930, kampuni ya akina Galvin ikauza redio ya gari iliyoitwa Motorola. Ilikuwa ya kusikiliza habari na nyimbo nyepesi, basi. Kwetu huku Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kwa miaka mingi redio maana yake ilikuwa kijisanduku chenye spika ya ukubwa wa kiganja. Besi ulikuwa unaikisia tu. Ukitaka kuisikia kwa mwili unakwenda dansini, Tanga, kwa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz.

Sasa hapa ndipo hadithi inanoga. Mwaka 1954 Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss, alitoa spika iliyoitwa AR-1. Hadi hapo mtu aliyetaka besi ya maana nyumbani aliweka kabati la ukubwa wa friji. Villchur alifanya kitu ambacho ukikisikia unajiuliza kwa nini hakikufanyika mapema. Aliacha kutegemea ugumu wa mpira na kitambaa kinachoshikilia spika, akaziba boksi kabisa, na hewa iliyofungiwa ndani ikawa ndiyo springi. Hewa ni springi laini na ya haki, inasukuma na kuvuta kwa usawa. Boksi likapungua mno na besi ikabaki. Kila sabufa ya boksi lililozibwa unayoiona nyuma ya Altezza leo ni mjukuu wa AR-1.

Mwaka 1957 Kloss alianzisha kampuni nyingine iliyoitwa KLH, na herufi H ni ya J. Anton Hofmann. Huyu bwana ndiye aliyelisema waziwazi jambo ambalo wahandisi wanaliita sheria ya chuma ya Hofmann. Kuna vitu vitatu: besi ya chini kabisa, boksi dogo, na spika isiyokula umeme mwingi. Chagua viwili, cha tatu utakilipia. Huna njia ya kupata vyote, hata uwe na pesa za mkonge wa enzi zile.

Kinachonifurahisha ni baba yake. Josef Hofmann alikuwa mpiga piano mashuhuri mzaliwa wa Poland, na alikuwa mvumbuzi pia: moja ya vitu vilivyomwingizia pesa ni shokapu za hewa za magari. Baba alifungia hewa ili gari lisimrushe mtu, mtoto akaeleza nini kinatokea ukifungia hewa nyuma ya spika. Ukoo mmoja, springi ileile.

Baadaye Waaustralia wakaweka hesabu. Neville Thiele alichapisha kazi yake mwaka 1961, ikakaa miaka kumi bila wengi kuijua mpaka ilipochapishwa tena Marekani mwaka 1971. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaiendeleza. Zile namba ndogondogo kwenye karatasi inayokuja na sabufa mpya, ambayo fundi wengi huitupa pamoja na boksi la karatasi, zinaitwa kwa majina ya hawa wawili. Ndizo zinazokuambia spika hiyo inataka lita ngapi. Sabufa ya inchi 10 nyingi huridhika na lita 18 hivi katika boksi lililozibwa. Chukua rula: sentimita 40 kwa 30 kwa 15 kwa ndani, tayari umepata lita 18. Kitu hicho kinalala nyuma ya kiti. Jamaa anayekuambia lazima upate boksi la ukubwa wa jeneza hajasoma ile karatasi. Na ukijaza ndani pamba au sufi ya godoro, spika inadanganyika kwamba boksi limeongezeka. Kwa nadharia ongezeko linaweza kufika asilimia 40, ila kwa vitendo ni chini ya hapo.

Bei ya boksi dogo inalipwa kwa umeme. Kuongeza desibeli 10 kunataka nguvu mara 10. Wati 1,000 kwa voti 12 ni zaidi ya ampea 80, na altaneta nyingi za magari madogo ya Kijapani hutoa kiasi hicho kwa kazi zote za gari. Muziki haukai kileleni muda wote, ndiyo maana gari halizimiki palepale, lakini ukiona taa za mbele zinafifia kila mdundo ukipiga, unamwona Hofmann akidai chake. Wajameni, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, siyo kule nyuma kwenye amplifaya. Waya mnene usio na fyuzi unaopita chini ya kapeti ni moto unaosubiri siku.

Habari njema kwa mwenye gari dogo ni kwamba kijumba chenyewe kinasaidia. Sauti nzito ikifungiwa ndani ya nafasi iliyo fupi kuliko urefu wa wimbi lake, inaongezeka nguvu yenyewe, na kadiri nafasi ilivyo ndogo ndivyo msaada unavyoanza mapema. Celica ina mlango wa nyuma unaofunguka na kioo chake, kwa hiyo buti na abiria wanashiriki hewa moja. MR2 ni mtihani mwingine: injini imekaa katikati, buti liko nyuma yake, na besi ukiiweka huko unawatumbuiza wapita njia. Wenye akili huweka boksi jembamba nyuma ya viti au miguuni kwa abiria.

Kwetu hayo yote yalichelewa kufika. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, gari binafsi lilikuwa jambo la wachache. Kisha ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, yakaja magari yaliyotumika Japani. Redio binafsi zilianza miaka ya 1990, Radio One mwaka 1994 na Clouds FM mwaka 1999, na Bongo Fleva ikaja na midundo iliyopikwa kwenye kompyuta, mizito kuliko chochote tulichorithi kwenye kanda. Ghafla spika za mlangoni zikawa hazitoshi. Nairobi matatu zilishatangulia siku nyingi, sabufa chini ya kiti cha abiria.

Lakini Handeni si Nairobi, na hapa naomba nisikilizwe. Njia rahisi kuliko zote ya kupata nafasi kwenye gari la spoti ni kutoa tairi ya spea na kuweka sabufa kwenye shimo lake. Inakaa vizuri, haionekani, na shimo lile la mviringo ni kama limetengenezwa kwa kazi hiyo. Dar es Salaam unaweza kufanya hivyo. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilometa 65, na Handeni hadi Mkata 54. Zilipowekwa lami miaka ya 2010 vijana wengi wakajipa moyo kwamba gari la chini linapita popote. Lami inapita, lakini ukiiacha kuelekea vijijini unakutana na miiba na vumbi jekundu. Pancha saa tatu usiku, spea imebaki stoo nyumbani, na mbele yako una wati 500 za kuwatangazia fisi kwamba upo.

Vumbi lenyewe ni hoja nyingine. Boksi lenye tundu hutoa besi nyingi kwa umeme kidogo, lakini linataka nafasi kubwa zaidi na linavuta vumbi hadi kwenye koili. Kwa Handeni mimi nachagua lililozibwa bila kusita.

Niongeze la majirani. Sauti nzito haizuiwi na dirisha wala ukuta wa tofali, ndiyo maana unalisikia gari kabla hujaliona. Malalamiko ya kelele yanashughulikiwa na NEMC chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na gari lililoegeshwa nje ya baa na buti wazi nalo linaweza kupiga kelele ya kulalamikiwa. Mkiwa Manundu baada ya saa nne usiku, fungeni buti.