Kuongoza wahusika wa katuni katika uhalisia pepe

Ni ufundi wa kumfanya kiumbe aliyechorwa kwa kompyuta aitikie mwili na sauti ya mtu aliye mbele yake. Katika uhalisia pepe mtu huvaa kifaa cha machoni na kuzungukwa na ulimwengu wa kutungwa. Katika uhalisia mseto kiumbe huyo hujitokeza chumbani, akapanda meza ya kweli na kujificha nyuma ya kiti cha kweli.

Suala kubwa ni nani anayeamua. Upande mmoja yupo avata, mwili wa kuazima: vihisi hufuata kichwa na mikono ya mvaaji, na programu hukisia viwiko na mabega ambayo haiyaoni. Upande wa pili yupo mhusika mwenye haja zake, ambaye mtu humshawishi tu. Mfano wa mapema ulitoka chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mradi wa ALIVE. Mtu alisimama mbele ya skrini kubwa bila kuvaa chochote, akajiona humo pamoja na mbwa aitwaye Silas. Kamera ilisoma ishara zake, lakini mbwa aliamua kulingana na haja zake mwenyewe. Mchezo wa Moss (2018) uko katikati: mchezaji humwendesha panya Quill kwa kidhibiti cha mkononi, ilhali Quill naye humtazama na kumpa vidokezo kwa lugha ya alama ya Marekani.

Jicho lina uzito zaidi kuliko uzuri wa mchoro. Katika filamu fupi ya uhalisia pepe iitwayo Henry (2015), kalunguyeye mwenye jina hilo humgeukia mtazamaji na kumkazia macho, na hapo ndipo mtu huhisi ameonekana. Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo, waliujua uwezo huo zamani. Kinyago cha chama chao cha Alunga, kinachovikwa kichwa kizima, kina nyuso mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Anayekizunguka hakwepi macho yake, na mvaaji haonekani.

Afrika Mashariki ilianza na njia nyepesi zaidi. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza Tanzania mwaka 2014, kiliwaruhusu watoto kujibu maswali ya wahusika wa katuni kwa SMS. Mwaka 2017 mchora katuni Ng'endo Mukii wa Nairobi alitoa Nairobi Berries, filamu ya uhalisia pepe. Mtazamaji hugeuka atakako, lakini habadilishi kinachotokea.

Kwa mji kama Baraka, huko Fizi, wenye nyumba nyingi zinazotegemea sola au jenereta, vifaa vinavyojitegemea, kama Oculus Quest ya 2019, vina nafuu: havihitaji kompyuta pembeni, na michezo mingi iliyokwisha kupakuliwa huchezwa bila intaneti. Betri, hata hivyo, hudumu saa mbili au tatu tu. Kumwongoza mhusika kwa sauti ni kugumu zaidi, kwa kuwa programu iliyofunzwa Kiswahili sanifu hujikwaa kwenye Kiswahili cha Kongo, sembuse Kibembe. Ishara ya mkono haina kikwazo hicho. Kwa njia yoyote ile, picha lazima ifuate mwendo wa kichwa bila kuchelewa. Kuchelewa kukizidi takriban sehemu 20 za elfu za sekunde, wengi huanza kusikia kichefuchefu.